Sampuli ya Kiuno cha Kushoto

Kwenye mchomoko, gari dogo la abiria, wa kwenda Mwanza, Bujiku, mchimbaji wa Geita, alikuwa anamsimulia mama muuza dagaa habari ya kansa yake ya damu. "Daktari kasema kromosomu mbili zimebadilishana vipande. Eti ndiyo aina inayopona vizuri, ila nianze dawa leo leo."

"Si ushukuru, baba!"

"Wametoboa mfupa wa kiuno cha kulia tu, mama. Sisi wachimbaji duara, shimo la dhahabu, hatulichimbi kwa sampuli moja. Natafuta maabara ipime na cha kushoto."

"Kikisoma vibaya?"

"Tunachukua wastani."

Mimi, niliyebanwa kati yao, nikakohoa. Wastani nilifundishwa chuoni, lakini haukufika kwenye mifupa.

Gari likasimama Mwanza, kwenye geti la hospitali inayotoa dawa hizo. Mama akashuka na begi la Bujiku kichwani, akaingia bila kugeuka.

"Mama, begi langu!" Bujiku alilia, mguu mmoja ndani, mmoja chini.