Mikate ya Mzee Prosser

Katika basi la kwenda mji wa Dolgellau, kwenye kiti cha mbele yangu waliketi Mama Eirlys, mwenye duka la chakula kijijini kwetu, na Bwana Gethin, mteja wake. Mama alikuwa anakwenda mjini, kwa wakili, kumkabidhi mnunuzi funguo za duka. Nilifungua kitabu cha hesabu ili nisikilize kwa heshima.

“Unaliuza kweli?” Gethin aliuliza.

“Nifanyeje? Kila jioni mikate inabaki, nawapa kuku. Hasara naivumilia, Gethin. Aibu ndiyo imenishinda. Mngesema tu kwamba mkate wangu mbaya.”

“Mbaya? Mama we! Nyumbani tunaugombania! Ile ya mwisho tunamwachia Mzee Prosser. Hana gari, maskini, hawezi kufika mjini. Kijiji kizima tunamwachia.”

Mama Eirlys alimgeukia polepole. “Prosser? Ngano inamvuruga tumbo yule. Hajanunua mkate kwangu hata siku moja.”

Gethin alivua kofia yake, akaivaa tena.

“Sasa mbona hukutuambia?”

“Mliniuliza? Nyie na adabu zenu! Mmenimaliza kwa adabu.”

“Sisi tulikuwa tunakwenda supamaketi,” Gethin alisema kwa sauti ndogo, “na mvua yote ile, tusije tukammalizia mzee wa watu mikate.”

Basi likasimama mbele ya ofisi ya wakili. Mama Eirlys alikuwa ameshika funguo, na Gethin ameshika mkono wa koti la Mama. Dereva akauliza nani anashuka. Hata mimi, ambaye kituo hicho kilikuwa changu pia, nilinyamaza.