Dirisha Lililopewa Kiti

Basi la Ikungi lilikuwa limeshaanza kutoka stendi ya Singida pale mzee mmoja alipolisimamisha, akapanda na dirisha lililofungwa blanketi. Alilikalisha kwenye kiti cha mwisho kilichobaki, yeye akasimama akilishika. Nilimpisha, akakataa. “Nimemwahidi mke wangu halitagusa chini.”

Mama mwenye ndoo ya alizeti alimwamkia, kisha akauliza ni dirisha la nini. Mzee akasema anageuza Hiace yake kuwa nyumba, yeye na mkewe wakawatembelee wajukuu Mpanda, wakilala humo njiani. “Baridi ya Juni inambana kifua. Hili lina vioo viwili.”

“Na katikati?”

“Hewa.”

“Kumbe umenunua hewa, mzee, na upepo wa Singida ni wa bure. Mshonee pazia zito.”

“Nilimshonea. Alikohoa mpaka asubuhi.”

“Baridi itapita mlangoni.”

“Mlango nitauziba.”

Mimi mwenye shahada sikujua nani yuko sahihi. Nilitamani tu kioo kishinde.

Tulipofika Ikungi, mzee alikuwa bado amesimama, amelishika dirisha lake. Alisubiri wote tushuke, ndipo akalibeba begani.

“Pazia, mzee,” mama alisema, akimshikia mlango.