Mizizi Ambayo Shangazi Hakuiandika

Shangazi yetu, ambaye chuo kizima kilimwita Bi Mizizi, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, kitinda mimba wa fundi cherehani. Shuleni alikuwa wa kwanza darasani na wa mwisho kunyamaza. Alihitimu shahada ya kilimo mwaka 1982, akaajiriwa chuo kikuu kufundisha vyakula, tiba na mazingira kwa maarifa ya wenyeji. Kwake, huandiki juu ya mboga ya porini kabla hujaichuma, ukaipika na kuila. Wengi walihama somo.

Mwaka 1985 aliolewa na fundi majokofu. "Yeye anakausha mboga, mimi nagandisha," mumewe hupenda kusema. "Ndiyo maana ndoa yetu haikuoza."

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kuondoa sumu, kwa kuloweka na kubadilisha maji, kwenye mizizi ya porini iliyowavusha watu miaka ya njaa. Alimwapisha asiiandike: "Msomaji hula kabla hajamaliza kusoma." Wakubwa wa chuo walimsihi aandike apate uprofesa. Alikataa, akastaafu bila huo. Alifundisha kwa mkono, kila Jumamosi, jikoni kwake. Wanafunzi walishika hatua za mwanzo, wakapata alama zao, wakaaga. Binti yake wa pekee, mfamasia, alikuwa akifika chakula kimeshapakuliwa.

"Mama, nimechelewa?"

"Kula hujachelewa. Kuosha ndiko kumekupita."

"Basi nikurekodi kwenye simu."

"Simu ina pua? Njoo asubuhi, mwanangu."

"Wiki ijayo, Mama. Haki ya Mungu."

Februari mwaka huu kiharusi kilimpokonya sauti na mkono wa kulia. Hapo binti akachukua likizo, akaleta beseni la mizizi mpaka kitandani. Alibadilisha maji, akamsogezea. Mama akanusa, akatikisa kichwa. Binti akabadilisha tena, Mama akatikisa tena. Wakaendelea hivyo hadi mchana wa tarehe 3 Machi, Mama alipokata roho kabla hajaitikia kwa kichwa.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, kaka zake, na sisi watoto wa kaka, mabingwa wa kula. Beseni lipo jikoni. Binti amebadilisha maji asubuhi hii kabla ya kuja hapa mazikoni. Tafadhali, mtu asionje. Hayupo tena wa kutuambia kwamba sasa maji yametosha.

Mola ampe pumziko lenye amani.