Nthoki Ndeti, Aliyekwenda Uingereza na Pole Zake

Ijumaa, tarehe 31 Desemba 1999, wakati wengine watakuwa wakisubiri mwaka 2000, Bi. Nthoki Ndeti atarudisha aproni yake stoo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika kiwanda chetu cha vyombo vya udongo hapa Baba Dogo. Karani wa stoo ni mimi, na najijua: aproni hiyo siipokei bila machozi. Mnisamehe mapema.

Aliajiriwa mwaka 1968 katika idara ya uchambuzi. Kazi yake ilikuwa kugonga kila kikombe kwa ukucha na kusikiliza: kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Kwa miaka ishirini na mitatu alisikiliza vikombe, yeye mwenyewe asisikike. Mama Wavinya, kama tumwitavyo kwa jina la kifungua mimba wake, akiandikiwa zamu mbili mfululizo kwa makosa, alizifanya zote mbili badala ya kwenda kubisha ofisini.

Mwaka 1991 kampuni rafiki ya Uingereza ilitoa nafasi moja ya masomo ya miaka miwili, siku mbili chuoni na siku tatu kiwandani, kujifunza ufundi wa tanuri na namna ya kuvipa vyombo ule mng'ao wa kioo. Sisi wa ofisini tulikuwa tumeshaanza kuulizana bei ya makoti. Meneja wetu, Bwana Laban, akamteua Mama Wavinya, nyanya wa miaka arobaini na saba. Minong'ono ilikuwa mingi. Bwana Laban akatangaza wazi kwamba hilo ni jaribio: huyu akishindwa, mfanyakazi wa mashineni hatatumwa tena ng'ambo, nafasi zitakuwa za ofisi. Alipanda ndege akiwa amebeba mzigo wa wenzake mia mbili.

Alibeba pia kilo mbili za muthokoi. Mwenye nyumba wake, bibi mmoja mwema, aliyaona yale mahindi yaliyokobolewa akadhani ni chakula cha ndege, akawamwagia kunguru wa mtaa mzima. Mama Wavinya alituandikia kwamba alilia kidogo, kisha akaomba afundishwe kupika viazi vyao.

Shida kubwa ililetwa na neno dogo. Sisi mtu akijikwaa tunampa pole hata kama tuko ng'ambo ya barabara. Mama Wavinya aliifanya pole kuwa sori, akaigawa kwa moyo wote. Trei ya mwenzake ikianguka, sori. Mtu akijikata kidole, sori. Gari la msimamizi likikataa kuwaka, sori. Msimamizi huyo alijua sori moja tu, ile ya mwenye kosa, na kila aliyoisikia aliiandika. Februari 1992 tukapokea faksi: mfanyakazi wenu amekiri kuvunja vyombo mia mbili na kumi na viwili na kuangusha rafu ya tanuri, tunaomba kumrudisha.

Mama Wavinya wa zamani angefunga sanduku kimya kimya. Huyu alivaa koti, akaenda kubisha. Aliomba kitabu cha ajali na kile cha mahudhurio ya chuo viwekwe mezani pamoja. Rafu ilianguka Alhamisi, na Alhamisi alikuwa darasani. Sori yake aliitoa Ijumaa asubuhi, akimfariji mzee aliyekuwa zamu. Ndipo akaeleza maana ya pole, polepole, kwa Kiingereza chake cha Machakos. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, lakini msimamizi huyo aliambiwa, akaelewa, na akaomba radhi kwa maandishi. Mwanafunzi wetu alimaliza masomo akiwa wa pili darasani, kisha wakamwajiri mwaka mzima kuongoza zamu ya watu kumi na mmoja.

Aliporudi mwaka 1994, vijana wa tanuri walimzunguka getini: "Niaje, mathe! Majuu ni aje?" Akawajibu kwamba ni baridi, lakini watu ni watu, kisha akauliza nani ameacha mlango wa tanuri wazi. Chini ya uongozi wake, vyombo vinavyoharibika motoni vilishuka kutoka kimoja katika kila vitano hadi kimoja katika kila ishirini. Wachomaji walipata glavu. Ratiba ya zamu ikaanza kubandikwa wiki moja mapema. Alibisha ofisini mara nyingi hata Bwana Laban akatishia kuung'oa mlango.

Sasa niseme jambo lisilo kwenye faili lake. Faksi ile ilipofika, Bwana Laban aliita watu wanne wamshauri. Nilikuwa mmoja wao, na kwenye orodha ya masomo jina langu lilifuata la Mama Wavinya. Nilisema arudishwe. Sikungoja maelezo yake, kwa sababu nilijua akirudi yeye, nitakwenda mimi.

Aliporudi alizisoma kumbukumbu za mkutano huo, na neno langu limo humo, na jina langu kando yake. Hakuniuliza kitu. Mwaka uliofuata aliombwa kupendekeza watu watatu wa kutumwa baada yake. Aliandika kwa mkono wake: Truphena wa uchambuzi, Kimanzi wa tanuri, na Naftaly Mugo wa stoo.

Nilikwenda, nikarudi na stashahada, na kwa miaka hii yote nimepita karibu na tanuri nikitafuta namna ya kuanza. Mama Wavinya, nilikukosea na ulijua. Asante kwa kuniandika. Sisi wote wa kiwanda hiki tunakuombea afya, wajukuu wengi, na asubuhi ndefu huko nyumbani kwako Njiru zisizo na king'ora cha zamu. Ukibisha kwetu siku yoyote, tutafungua.