Utafiti wa Dada Yuditha Kwenye Benchi la Kastori

Benchi la kijiwe cha Pasua, mtaa ulio chini ya mlima, alilichomelea Kastori mwenyewe, mbele ya karakana yake ya mageti, na limeinama. Ukikaa upande wa juu, kabla kahawa haijaisha umeshateleza hadi upande wa chini, anakokaa Mzee Antoni. Wenyewe wamezoea, wakijazana huko wanainuka, wanakaa upya, ubishi unaendelea. Kastori, ambaye kijiwe kizima kinamwita Cheche, hushikilia kuwa benchi limenyooka, ni mlima ndio umeinamisha ardhi. Jumamosi moja akaja dada mtafiti, Yuditha, akatega simu irekodi, akauliza kwa nini vijana wanaohitimu ufundi hawapati kazi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Kastori. Mmiminieni kahawa.

— Tatizo injini, alianza Eliudi wa bodaboda, jina la kijiweni Tairi. Chuoni wanaonyeshwa injini iliyokatwa katikati, waone ndani. Mtaani wakikuta nzima, wanaiogopa.

— Kwa hiyo tufanyeje? aliuliza Yuditha.

— Sisi wenye pikipiki tuzikate. Mkono mtupu haulambwi.

— Wala si injini, ni mlo, alisema Mzee Antoni. Fundi wa zamani alikula mtori wa ndizi na nyama asubuhi, akawa mzito, akatulia kazini. Hawa wanakula chipsi, wepesi, upepo wa mlimani unawapeleka Dar. Chuo kifundishe mtori miaka miwili, umeme wiki moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Yuditha alikuwa ameanza kuteleza. Akashika ukingo wa benchi.

— Na mtihani wakafanyie kileleni, aliongeza Tairi. Ukichomelea geti kwenye barafu, huku chini Mabogini utashindwa nini?

Kastori akaona zamu yake imefika.

— Dada, chuo hakina kosa. Wenye kosa ni wenye karakana. Kijana anakuja na cheti, anaomba nafasi, anaambiwa njoo kesho. Mtu wa hivyo atajwe kanisani, kabla ya sadaka.

— Kwa nini wanawakataa?

— Roho mbaya tu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Wenzake wakaguna kwa kukubali. Kastori akajisikia mtu mkubwa.

Hapo ndipo alipofika Joyness, binti yake, ndani ya ovaroli iliyopigwa pasi. Alihitimu uchomeleaji mwaka jana, na kila akiomba kuingia karakanani baba yake humwambia asubiri kidogo. Ukweli ni kwamba Kastori alimwogopa. Siku aliyorudi kutoka chuo, binti aliinama, akapapasa mguu mfupi wa benchi, akainuka bila kusema neno. Ukimya ule ulimuuma baba kuliko tusi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Baba, mimi nianze lini?

Mzee Antoni akachungulia kikombe chake. Tairi akakumbuka kuwa ana abiria, ila hakuondoka. Simu ilikuwa bado inarekodi. Kastori akatafuta methali, na zote zilikuwa zimeshatumika.

Benchi likaendelea kuwatelezesha taratibu hadi wakabanana kwa Mzee Antoni, na safari hii hakuna aliyeinuka kukaa upya.