Mama Kimya Anatoka Chumba Namba Tatu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwenzetu tunayemwita Mama Kimya anastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu ya afya ya akili kwa miaka ishirini na minne na miezi mitatu. Alipopata habari kwamba mimi ndiye nitakayeandika wasifu wake, aliniita pembeni. "Usinivishe kilemba cha ukoka," akasema. "Andika kwamba nimechoka." Basi nimeandika. Amechoka, na sisi tunaomuaga si wazima sana.

Hakuanza kazi akiwa mwanasaikolojia. Kwa miaka tisa alikuwa muuguzi katika wodi ya walioungua, na huko ndiko alikojifunza kwamba bandeji ikibanduliwa kwa pupa huondoka na ngozi mpya. Kilichomtoa wodini ni mpishi mmoja ambaye mikono yake ilikuwa imepona kabisa, lakini siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alishika nguzo ya kitanda, akakataa kuiachia. Madaktari walisema hana ugonjwa. Muuguzi wetu akaona kuna ugonjwa ambao hakufundishwa kuufunga bandeji. Akarudi darasani akiwa na miaka thelathini na moja, watoto wawili, na mume fundi saa ambaye alijifunza kupika kwa kuunguza masufuria.

Kliniki yetu ina watu wa kila asili. Yupo aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Yeye huwapa wateja madaftari waandike mawazo yanayowasumbua, kisha wayapime kama yana ukweli. Yupo aliyekuwa mhubiri. Yeye huketisha familia nzima chumba kimoja mpaka waliosusiana waangaliane. Mimi nilikuwa karani wa mahakama, na huwa nauliza maswali mengi mno. Mama Kimya yeye alisubiri. Aliuliza swali moja, akanyamaza, akamwachia mteja nafasi yote.

Si kila mtu aliupenda ukimya huo. Dereva mmoja wa lori alikaa naye dakika ishirini na tano bila neno, mwisho akauliza, "Samahani mama, kati yetu aliyekuja kutibiwa ni nani?" Mama Kimya alicheka mpaka akafuta machozi. Dereva naye akacheka, halafu kilio kikamjia, akaanza kusimulia. Alikuja kila wiki kwa miezi saba.

Kwa upande wake, Mama Kimya aliyacheka madaftari ya mwalimu wa hesabu. Aliyaita "kazi ya nyumbani", na kila Jumatatu alimuuliza kama wateja wake wamefaulu mtihani.

Mwaka wake wa kumi na nane ulikuwa mgumu. Wenzetu wawili waliacha kazi, nasi tuliobaki tukagawana wateja wao. Yeye alichukua wengi kuliko wote. Alikuwa akiona watu tisa kwa siku. Kinyozi hajinyoi. Nyumbani, mumewe akianza kuzungumza, alinyoosha kiganja kumwomba anyamaze. Hapa kazini tulimwona na tukasema ana nguvu za ajabu. Sisi, wataalamu wa kutambua watu waliolemewa!

Jumatano moja baada ya chakula cha mchana, alikuwa na mjane aliyekuwa akimweleza juu ya nguo za marehemu mumewe. Ghafla Mama Kimya akagundua kwamba anaona midomo inacheza tu.

"Nisamehe," akamwambia. "Kwa dakika kumi hivi sijakusikia."

Mjane alimtazama kwa upole. "Nilijua," akajibu. "Nilikuwa naendelea ili usiaibike."

Siku hiyo hiyo aliomba likizo ya miezi mitatu. Kwa kuwa haifai mtu kutibiwa na wenzake wa kazi, alikwenda kliniki nyingine, ng'ambo ya mji. Huko akapangiwa binti wa umri wa kitinda mimba wake, na binti yule akamkabidhi daftari.

Wiki ya kwanza alilirudisha tupu. Wiki ya pili aliandika sentensi moja: *Nikipumzika, mtu atakufa.* Binti akamuuliza ushahidi uko wapi. Mama Kimya alikasirika, karibu aondoke. Lakini ushahidi alikuwa nao, na alikuwa ameubeba peke yake kwa miaka sita. Alipokwenda kumzika mama yake, mteja wake mmoja alijitoa uhai wiki hiyo hiyo. Tulihudhuria mazishi ya mteja huyo pamoja naye. Hakuna aliyejua kwamba tangu hapo kila mapumziko aliyahesabu kama kosa.

Binti hakumwambia, "Si kosa lako." Alikaa naye kimya mpaka muda ukaisha. "Nilinyamaziwa," alitusimulia baadaye. "Jamani, kumbe inauma hivi! Mbona hamkuniambia?" Daftari aliendelea nalo, na aliporudi kazini kitu cha kwanza alichofanya ni kumwomba radhi mwalimu wa hesabu.

Alirudi pia na masharti. Kila mmoja wetu aone wateja watano kwa siku, wasizidi, na kila Jumatatu tuketi saa moja, mmoja wetu atue mzigo wake mbele ya wenzake. Wakubwa walipinga, akawaandikia barua mpaka wakakubali. Mimi nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Jumatatu ya tatu nilipewa zamu ya kusema, nikasema, na barua ile sikuipeleka.

Lakini masharti hayo yalikuwa na gharama, na kuificha ni kumdanganya msomaji. Foleni ilirefuka. Mwanamume mmoja alikuja mapokezi akigonga meza. "Dada yangu amesubiri wiki sita! Ninyi mnapumzika?"

Mama Kimya alitoka, akaketi naye. "Una haki ya kukasirika," akamwambia. "Leo nikimpokea, nitamtazama tu. Sitamsikia. Siwezi kumfanyia hivyo."

Yule bwana hakuridhika, akaondoka akitulaani. Dada yake aliingia wiki iliyofuata, akatibiwa na mwalimu wa hesabu, na sasa yuko nafuu ingawa bado ana siku mbaya. Kaka yake mpaka leo tukikutana hatusalimii. Mama Kimya hakuwahi kusema kwamba amekosea kutuchukia. Aliendelea kuandika barua, na mwaka uliofuata tukaongezewa wataalamu wawili. Tangu masharti yale, hakuna aliyeacha kazi kwa kuzidiwa.

Mambo haya nimeyaandika kwa idhini yake, na ya wateja nimeyabadilisha kidogo wasitambulike. Aliposoma rasimu alifuta mistari minne, yote ya sifa.

Mteja wake wa mwisho alitoka chumbani kwake, namba tatu, Jumanne saa tisa alasiri. Tulikuwa tumejipanga koridoni na shada la maua, tumekubaliana kupiga makofi akifungua mlango. Nusu saa ikapita. Nikagonga, kimya. Nikafungua kidogo. Alikuwa amelala kwenye kiti, viatu amevivua, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani. Mpokezi alitaka kuingia kumwamsha, mhubiri wetu akamshika mkono. Tukaurudisha mlango taratibu, tukaketi kwenye viti vya wateja, watu wazima sita na maua yetu, tukamngoja.

Mama Kimya, asante kwa wote uliowasikia, na asante zaidi kwa siku ile uliyokiri kwamba husikii. Nenda nyumbani, umsikilize fundi saa wako mpaka amalize. Tunakuombea siku ndefu zisizo na miadi.