Babu Saba

Treni ya kwenda Quakers Hill, ughaibuni, siku za korona, kila abiria alikaa mbali na mwenzake. Ikabidi Mkongo mmoja na mama Mrundi wapaze sauti, na Ketsia, kiti cha nyuma, hakuwa mtu wa kuziba masikio.

"Kuna mtu wa Kazakhstan tunapakua naye makontena," alisema yule Mkongo. "Anataja babu zake saba bila kukwama! Kwao nyika haina mwisho, mama. Ukikutana na mtu, lazima ujue kama ni ndugu."

"Burundi ni ndogo, kaka. Jirani anakutajia babu zako wote."

"Huyo jirani yuko wapi leo?"

Mama akahesabu kwa vidole, akakwama kwenye cha tatu. "Kambini kwa wakimbizi waliandika jina la baba tu!"

Treni iliposimama, walikuwa bado wanabishana. Ketsia aliposhuka aligundua amepitiliza kituo chake, lakini, akihesabu babu zake mwenyewe kimoyomoyo, alikuwa ameshamfikia wa sita.